Udongo Ukishakauka

Karibuni. Nyote mliambiwa utotoni kwamba udongo uwahi ungali maji. Najua methali inahusu watoto, ila sisi wafinyanzi tumeishika neno kwa neno: ukishakauka, unachoma, unapeleka sokoni. Leo nitawaonyesha kwamba kazi kubwa ya mfinyanzi Magdalene Odundo huanzia pale methali inapoishia.

Alizaliwa Nairobi mwaka 1950. Mwaka 1971 akaenda Uingereza, kusoma Cambridge, na huko ndiko udongo ulikomnasa. Mwaka 1974 akafika Nigeria, kwenye kituo cha ufinyanzi cha Abuja (Abuja ya zamani, leo inaitwa Suleja), alikokuwepo Ladi Kwali, yule mama ambaye picha yake iko kwenye noti ya naira 20. Mnisamehe nikicheka kidogo: Mkenya apitie Cambridge ndipo afike kwa mama wa Kigwari anayefinyanga bila gurudumu! Ladi Kwali alikiacha chungu kimetulia, akakizunguka yeye, kinyumenyume, akipandisha udongo kwa mkono.

Odundo naye hujenga kwa mkono. Tumbo la mtungi linavimba, shingo inarefuka, mdomo unafunguka kama wa mtu anayetaka kusema. Hapo wengi wetu tungenawa mikono. Yeye ndiyo kwanza anaanza kuparua kuta, anapaka uji wa udongo laini kabisa, anasugua mpaka ung'are. Ile dawa inayogeuka kioo motoni haitumii. Mng'ao wote ni jasho.

Kisha moto, na hapa ndipo palipoharibu usingizi wangu. Akichoma hewa ikiingia vizuri, mtungi unatoka na rangi ya chungwa. Mtungi huohuo akiurudisha motoni pamoja na vibanzi vya mbao, hewa ikabanwa, unatoka mweusi. Udongo ni uleule! Siri ni chuma kilichomo ndani: kikipata hewa huwa chekundu kama kutu, kikinyimwa, moto unakipokonya oksijeni, kinageuka cheusi, na moshi nao unaacha masizi yake. Moshi usipofika sawasawa, rangi mbili zinakutana ubavuni, na mpaka wake hauchorwi na mtu.

Nilijaribu uani kwangu, kwa pipa bovu na maranda ya fundi seremala. Chungu cha kwanza kililia kama risasi. Haraka yangu tu: ndani kulikuwa na unyevu bado, maji yakawa mvuke, mvuke ukatafuta njia. Cha pili nilikianika wiki tatu, nikakisugua kwa kokoto la mtoni hadi kidole gumba kikafa ganzi. Jirani akauliza kama ninapika pilau la chuma.

Hiki hapa. Ubavu mmoja mweusi, mwingine umegoma, na bado sijaelewa kwa nini. Kipitisheni nyuma, ila shikeni kitakoni. Shingoni kuna ufa.