Kupandikiza ngozi ya samaki: mazoezi ya mikono kwa madaktari wa upasuaji

Karibuni madaktari, na karibuni wauguzi wa chumba cha upasuaji, maana kazi hii ya kufunika jeraha la mgonjwa kwa ngozi ya samaki ni yenu pia. Tupo Kigoma mjini. Mezani kuna paja la mbuzi lenye ngozi yake, ngozi za sato kutoka mwalo wa Kibirizi, na dripu ya maji yaliyotiwa rangi nyekundu. Paja moja linatosha madaktari wawili.

Kwanza kabisa: hii ngozi ya sato ni ya mazoezi tu. Haiendi kwa mgonjwa, hata ioshwe vipi. Samaki wa sokoni hubeba bakteria wa majini kama Aeromonas, ambao wakiingia kwenye jeraha wanaweza kuharibu nyama kwa kasi. Wala usidhani utaitakasa kwenye autoklevu, ile mashine ya kutakasa vifaa kwa mvuke. Kwa nyuzi 121 kolajeni, yaani protini inayoipa ngozi uimara, inageuka jelatini, na jelatini haishiki uzi wala haiwezi kuwa njia ya chembe hai (seli) za mgonjwa kupenya. Bandika lebo ya "MAZOEZI" kwenye chombo, na chombo hicho kisivuke mlango wa chumba cha upasuaji.

Ngozi zinazowekwa kwa wagonjwa ni za aina mbili. Moja hutoka Aisilandi, kwa chewa wa Atlantiki, Gadus morhua: chembe hai zake huondolewa, inakaushwa kwa baridi, kisha inatunzwa kwenye joto la kawaida la chumba. Nyingine ni ya sato, iliyoendelezwa na watafiti wa Fortaleza, Brazili: huhifadhiwa kwenye gliseroli, hupigwa mionzi ya gama, na hukaa kwenye friji. Hazifanyi kazi sawa. Ya chewa huachwa mwilini, chembe za mgonjwa zikapenya ndani yake na kujenga ngozi ya chini. Ya sato hufunika jeraha la moto la daraja la pili hadi ngozi iote, kisha inabanduka. Hapa Tanzania, kabla hujaagiza yoyote, hakikisha hali ya usajili au kibali kwa TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

Sasa tuandae ngozi ya mazoezi. Sato wa takribani gramu 800 anatoa vipande viwili vya sentimita 10 kwa 5. Para magamba, kata nyuma ya shavu, vuta ngozi kuelekea mkiani, halafu kwangua nyama iliyobaki kwa mgongo wa kisu. Tumia maji baridi tu. Kolajeni ya samaki hulegea kwenye joto dogo kuliko ya ng'ombe au ya binadamu, kwa hiyo maji ya moto yatakupa kipande kilichojikunja. Kumbukeni hili hata siku ya kazi yenyewe: wauguzi wetu wana desturi nzuri ya kupasha maji ya chumvi ili mgonjwa asipate baridi, lakini ngozi ya samaki ilowekwe kwenye maji ambayo hayajapashwa.

Kabla ya mgonjwa kulazwa mezani, muulize: "Ukila dagaa au mgebuka, unawashwa? Midomo inavimba? Unabanwa pumzi?" Akijibu ndiyo, tafuta njia nyingine. Mwambie wazi kwamba anachowekewa kimetoka kwa samaki. Wapo watakaokataa ngozi ya nguruwe kwa sababu ya dini, ila kwa samaki mazungumzo huwa mepesi. Bado ni haki yake kujua.

Tuje kwenye paja. Nyoa manyoya, chora mraba wa sentimita 5 kwa 5, kata hadi kwenye utando unaofunika msuli. Hilo ndilo jeraha letu. Kwa mgonjwa, hapa ndipo kazi nzima inapofaulu au kuharibika, kwa hiyo tutakaa kidogo. Ondoa nyama mfu yote, tabaka kwa tabaka, mpaka uone vidoto vya damu vimetapakaa uso mzima. Sehemu nyeupe isiyotoa damu, au yenye vimishipa vyeusi vilivyoganda, bado imekufa. Endelea kukata. Daktari anayeanza huona huruma, anaacha kipande cha nyama mfu, na siku ya tano analaumu ngozi ya samaki. Kipandikizi chochote juu ya nyama mfu kitaoza, hata kingekuwa ngozi ya mgonjwa mwenyewe. Jeraha lenye usaha nalo halipandikizwi siku hiyo, litibiwe kwanza.

Halafu zuia damu. Changanya miligramu 1 ya adrenalini, dawa inayobana mishipa ya damu, kwenye mililita 500 za maji ya chumvi, lowesha gozi (kitambaa cha kufungia vidonda), kandamiza dakika tano hadi kumi. Mshipa unaoendelea kuvuja uchome mmoja mmoja.

Loweka ngozi. Ya chewa inalainika kwa muda mfupi. Fuata karatasi iliyomo kwenye pakiti. Ya sato yenye gliseroli ioshwe kwenye maji ya chumvi mara tatu, dakika tano kila mara. Upande wa sato uliogusana na nyama ya samaki ndio unaolala juu ya jeraha.

Hapa angalieni dripu. Tumeingiza kanula (mrija mwembamba) chini ya uso wa jeraha katika mapaja mawili. Kwenye paja la kushoto kipandikizi ni kizima. Kwenye la kulia tumekitoboa vipasuo vya milimita 3 hadi 5, vikiachana kama sentimita moja. Fungua dripu polepole, mililita 5 kila upande. Kushoto ngozi inanyanyuka na kuacha uso wa jeraha. Kulia maji yanapita juu. Kila daktari alifanye hili kwa mkono wake, maana ukishaiona ile ngozi ikielea hutasahau kutoboa.

Kata kipandikizi kilingane na jeraha. Ya sato ipite ukingo kwa sentimita moja, kwa sababu ikikauka inasinyaa. Ibonyeze kuanzia katikati kwenda pembeni, utoe hewa. Funga kwa stepla au uzi wa 4-0, pengo sentimita moja hadi mbili. Juu yake weka gozi ya vaselini, kisha gozi kavu nene, kisha bandeji. Kama jeraha lipo kwenye kiungo, weka plasta ngumu ya kukishikilia kiungo kisicheze. Kipandikizi kinachoteleza hakipati mishipa mipya.

Fungua bandeji na gozi kavu za nje siku ya tano hadi ya saba. Gozi ya vaselini iache kama haijachafuka. Sasa sikilizeni vizuri. Ngozi ya chewa inapoanza kuungana na mwili hugeuka ute wa manjano, na huweza kuwa na harufu kidogo ya samaki. Huo si usaha. Wengi huukwangua wakidhani wanasafisha, wakaondoa hicho hicho walichokipandikiza. Kinachotisha ni wekundu unaosambaa kwenye ngozi nzima inayozunguka jeraha, maumivu yanayozidi, homa, na majimaji yenye uvundo. Ukiona hayo, nyanyua sehemu hiyo tu, osha, chukua sampuli kwa ajili ya maabara. Ngozi ya sato iliyoshika isivutwe: kata kingo zilizojitenga kwa mkasi, iliyobaki ilainishwe kwa vaselini hadi iachie yenyewe.

Jeraha lililokula ngozi yote na kuwa pana halitajifunga kwa samaki peke yake. Mara nyingi baada ya wiki mbili au tatu, nyama ikiwa nyekundu, tambarare, na inatoa damu ikiguswa, chuna ngozi ya paja la mgonjwa ya milimita 0.2 hadi 0.3 na ufunike. Mweleze mgonjwa hili tangu mwanzo, asije akadhani operesheni ya kwanza imeshindwa.

Mkufunzi asimruhusu daktari kwenda kwa mgonjwa kabla hajamwona akisafisha jeraha, akitoboa kipandikizi, akikifunga bila mkunjo, na akitofautisha ute na usaha kwenye picha za siku ya saba. Mapaja na ngozi za mazoezi zikimaliza kazi ziende kwenye kichomea taka.