Msimu Umepoa: Namna ya Kukaa Dunguni Mpaka Kulungu Atokee

Karibuni tena, wenzangu. Leo tuko jimbo la Wisconsin, Marekani, katikati ya zile siku tisa za kuwinda kulungu kwa bunduki zinazoanza Jumamosi kabla ya Thanksgiving, sikukuu ya Shukrani, na pori limenuna. Siku ya ufunguzi milio ilisikika kila upande. Sasa ni kigogota tu anayegonga mti. Wengi mnaniuliza nakaaje kutwa nzima dunguni, kwenye kiti cha juu ya mti, bila kuona hata mkia. Methali za subira mlishasomewa na bibi zenu, mimi nitawaonyesha jinsi ya kujipanga.

Hatua ya kwanza: jua kwa nini huoni kitu. Anayejua sababu hukaa, asiyejua hushuka saa tatu asubuhi akilalamika. Angalia hapa chini nilipoelekeza kamera. Hizi ni mbegu za mwaloni. Mwaka ambao mialoni imezaa sana, kulungu hana haja ya kutoka kwenda uwanjani. Anakula humuhumu msituni, anajilaza hatua chache mbele, anacheua. Sababu ya pili ni joto. Kufikia Novemba ameshaota manyoya mazito ya baridi, kwa hiyo siku ikiwa na joto atatembea usiku. Ya tatu, mahindi ambayo hayajavunwa: ndani ya shamba lile ana chakula na maficho pamoja. Na ya nne ni sisi wenyewe. Baada ya wikiendi ya milio na harufu za watu, wanajichimbia kwenye vinamasi vya matete ambako hakuna mwenye hamu ya kulowa.

Sasa soma ardhi. Kinyesi hiki ni cheusi, bado kinang'aa: cha karibuni. Kile pale kimepauka na kukatikakatika, kipite. Tazama pia magome yaliyochubuliwa na pembe. Ukiona utomvu mbichi, dume alipita si zamani. Alama mbichi zikiwepo, kaa. Zisipokuwepo kabisa, kung'ang'ania hapo ni ukaidi. Hamisha dungu.

Hatua ya pili: miguu. Nimeanza na miguu kabla ya bunduki kwa sababu ndiyo inayowashusha watu wengi. Kosa kubwa ni kutembea porini umevaa kila kitu. Utafika unatoka jasho, jasho litapoa, na nusu saa baadaye utakuwa unatetemeka. Tembea na nguo nyepesi, koti zito liwe mgongoni. Ukifika, subiri mwili upoe kidogo ndipo uvae. Soksi ni za sufu, jozi moja nene. Ukirundika jozi tatu buti linabana, damu haipiti, vidole vinakufa ganzi. Hiki hapa ni kipande cha sponji ngumu nimekata kwenye godoro la mazoezi. Kanyaga juu yake, usikanyage chuma cha dungu. Chai ya tangawizi kwenye chupa nayo usisahau, ila chakula kitoe kwenye mifuko ya plastiki nyumbani. Mlio wa ule mfuko unafika mbali kuliko unavyodhani.

Hatua ya tatu: kupanda. Hapa sina maneno mengi. Vaa mkanda wa mwili mzima, ujifunge kwenye kamba ya mti ukiwa bado chini, uendelee kufungwa mpaka urudi chini. Bunduki haipandi nawe. Itoe risasi, ifunge kamba, ivute ukishakaa. Sheria ya hapa inataka angalau nusu ya nguo za nje, kuanzia kiunoni kwenda juu, ziwe za rangi ya chungwa au ya waridi inayowaka, na kofia vilevile ukiivaa. Usiogope kwamba kulungu ataiona: macho yake hayatofautishi vizuri nyekundu na chungwa. Bluu anaiona vizuri sana, na mwanga wa simu yako una bluu tele. Simu iingie begini.

Hatua ya nne: upepo. Nimebeba nyuzi za mbegu za magugu, nyepesi kama sufi. Naachia moja… mnaiona inavyoelea? Kulia kwangu, halafu inashuka bondeni. Asubuhi jua likipasha mteremko, hewa hupanda. Jioni ikipoa, hushuka. Dungu linaloleta heri asubuhi laweza kukuharibia jioni. Kulungu akitokea upande ambao harufu yako inaelekea, hutamwona. Utasikia anakoroma na kupiga kwato, basi. Achia uzi mara kwa mara. Pia ni kazi ya mikono, na mikono yenye kazi haishiki simu.

Hatua ya tano: yape macho ajira. Mtu akisema "natazama msitu", hatazami kitu. Mimi naugawa mbele yangu vipande: ule mti ulioanguka, kile kichaka, ukingo wa kinamasi. Kila kimoja nakipitia polepole kutoka kulia kwenda kushoto, kinyume cha tunavyosoma, ili macho yasiteleze. Usitafute kulungu mzima. Miti imesimama wima, kwa hiyo tafuta mstari wa mgongo uliolala, sikio linalotikisika, weupe wa koo. Geuza macho kwanza, kichwa baadaye. Filimbi ya kuiga mlio wa dume unaweza kuipuliza, lakini si kila baada ya dakika tano. Msimu huu wameshasikia filimbi za kutosha.

Hatua ya sita: pitisha mchana. Kuanzia saa tano asubuhi mpaka saa nane mchana wengi hushuka kula, na kutembea kwao ndiko kunakowainua kulungu walipolala. Uliyebaki juu unafaidi miguu ya wenzako. Ukitaka kunyoosha mgongo, fanya hivyo saa nne.

Hapa nitakuwa mkali kidogo. Kusubiri sana kunapotosha macho. Kichaka kikitikisika, usiinue bunduki kutazama ni nini. Darubini ni ya kazi hiyo. Piga ukiwa umemtambua mnyama, unajua kilicho nyuma yake, na saa za kisheria hazijaisha. Ziangalie kwenye jedwali la jimbo, maana mwishoni mwa Novemba hapa jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni. Ukimpata, msajili kabla ya saa kumi na moja jioni ya kesho yake.

Hatua ya mwisho: kutoka. Toa risasi, shusha bunduki kwa kamba, kisha ushuke. Usikatize uwanja wanakolisha, hata kama gari liko ng'ambo. Zunguka. Ukiwafukuza leo jioni, kesho utakaa bure.

Siku tisa zikiisha mikono mitupu, Jumatatu unaanza msimu wa gobore, siku 10, kwa leseni ileile ya bunduki. Na majike ambayo hayakushika mimba huingia tena joto baada ya siku 28 hivi, kwa hiyo Desemba madume huzurura tena. Video ijayo nitaonyesha namna ya kushindilia gobore na kulinda baruti isilowe kwenye theluji.