Kanisa kwa kisogo, jangwa bila watu

(Mhadhara kwa vijana wa habari wa parokia, Dar es Salaam, Jumamosi baada ya Jumatano ya Majivu)

Tumsifu Yesu Kristo! Nimewasikia kina mama wa mbele tu. Tumsifu Yesu Kristo! Haya, sasa na nyie wenye kamera mmeitikia.

Baba Paroko aliponipigia simu alisema niongee kidogo juu ya jangwa na picha, kwa sababu kesho ni Dominika ya Kwanza ya Kwaresima, na Injili yake kila mwaka ni Yesu, siku arobaini, Ibilisi. Nikamwambia, Padri, mimi ni mpiga picha, nakula kwa harusi na Komunyo ya Kwanza. Na vijana hawa jangwa wanalolijua ni Jangwani ya hapa mjini, ambako masika watu wanavuka kwa kubebwa mgongoni. Akacheka, akasema njoo hivyohivyo.

Basi nianze na neno lenyewe. Tafsiri za zamani zinasema Yesu alipandishwa na Roho nyikani. Siku hizi tunasikia zaidi jangwani. Mtu wa Dodoma ukimwambia nyika haoni utupu hata kidogo. Anaona miiba, mbuyu, njia ya mguu, mchungaji kasimama mguu mmoja kaegemea fimbo. Ukimwambia jangwa anaona mchanga mpaka macho yachoke, na ngamia mmoja wa kwenye kalenda. Yule ngamia wa kalenda ndiye aliyenileta hapa leo. Nadhani sisi wapiga picha ndio tuliomweka, na ili akae vizuri peke yake tukawafukuza watu.

Nasema tukawafukuza kwa sababu mimi nimefanya hivyo kwa mikono yangu.

Miaka kadhaa iliyopita nilipata safari ya kaskazini mwa Kenya, kaunti ya Marsabit, pembezoni mwa jangwa la Chalbi. Chalbi ni sakafu ya ziwa lililokauka zamani sana. Unatembea juu ya chumvi iliyoganda kama ukoko wa ubwabwa, inavunjika kidogo chini ya kiatu, krap, krap. Pembeni kuna visima, Wagabra wanakuja kunywesha ngamia, na North Horr kuna misheni ya Kikatoliki, ina kengele na kila kitu. Mwenyeji wangu alikuwa katekista.

Saa moja kasorobo asubuhi nilikuwa nimeshasimamisha stendi. Jua liko chini, kila ufa wa chumvi una kivuli chake, nyuma milima ya bluu. Nikasema hii ndiyo. Mara, kutoka kulia, wanakuja kina mama wawili na punda, madumu ya njano yananing'inia ubavuni. Nikangoja wapite. Punda akagoma katikati ya picha yangu. Nikangoja. Wakamsukuma, wakamtukana kwa lugha yao, wakaondoka, na jua nalo likapanda. Nilipiga nikiwa na hasira. Nyumbani nikakaa kwenye kompyuta usiku mzima nafuta kwato na nyayo, moja baada ya nyingine, mpaka chumvi ikawa safi kama siku ya uumbaji.

Nikamtumia katekista kwa WhatsApp. Akajibu: "Hongera, picha nzuri sana. Hapa ni wapi?"

Ndugu zangu, mtu huyo anaishi pale!

Kabla sijaiacha Chalbi, niwape jambo moja la ufundi, maana wengine mmekuja kwa ajili hiyo. Kamera haijui cheupe. Inapima wastani wa mwanga na kuuvuta kila kitu kuelekea kijivu. Ukiielekeza kwenye chumvi itakuletea majivu. Siku ya Komunyo ya Kwanza una watoto sitini wenye magauni na mashati meupe mbele ya altare yenye kitambaa cheupe, na tatizo ni lilelile, ila baya zaidi, kwa sababu kamera ikiyapunguza magauni yawe kijivu, nyuso zetu inazizamisha gizani kabisa. Ongeza mwanga stopu moja, yaani mara mbili, hata stopu moja na nusu. Pima usoni, usipime kwenye gauni. Nimeona albamu za Komunyo ambamo gauni lina kila uzi na mtoto hana macho.

Sasa tuvuke bahari. Kuna kanisa huko New Mexico, Marekani, kijiji cha Ranchos de Taos, linaitwa Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Lilikamilika mwanzoni mwa karne ya 19, limejengwa kwa matofali mabichi ya udongo na majani makavu. Nchi ile ni kame, iko juu, mita zaidi ya elfu mbili, jua lake linakata kama wembe. Wachoraji na wapiga picha wakubwa wa Marekani wamelifuata kanisa lile kama nyuki: Georgia O'Keeffe kalichora, Paul Strand kalipiga, Ansel Adams kalipiga. Tafuteni picha zao. Zilizovuma zaidi zinaonyesha upande mmoja tu, wa nyuma.

Ukuta wa nyuma unakutana na barabara. Una nguzo nene za udongo zilizovimba kama magoti ya tembo, hauna dirisha wala mlango. Mchana kivuli kinauchonga kama sanamu. Ni mzuri, sitadanganya, hata mimi ningeupiga. Lakini hebu fikiri: kanisa maarufu kwa picha kuliko mengi duniani, na limefahamika kwa kisogo. Mbele kuna minara miwili, misalaba, mlango, ua ambamo watu wanasalimiana baada ya Misa. Upande huo hauvutii wasanii sana. Una mambo mengi. Una watu.

Ila kuna kitu hapo ambacho mtu wa kwetu atakiona haraka kuliko mtu wa New York. Ule ulaini wa ukuta, yale mawimbi ambayo mwanga unateleza juu yake, yanatokana na mikono. Kila mwaka, kuelekea Juni, waamini wanakusanyika kulikandika kanisa lao upya. Kukandika kulekule! Udongo, maji, majani makavu, ndoo, ngazi, vijana wanakanyaga matope, kina mama wanalainisha kwa kiganja. Nani hapa bibi yake hajakandika nyumba? Miaka ya 1960 walijaribu kuachana na kazi hiyo, wakalipiga plasta ngumu ya saruji. Maji yakapenya kwenye nyufa, yakakosa pa kutokea, udongo ndani ukaanza kuoza. Mwaka 1979 plasta ikang'olewa, matope yakarudi. Kwa hiyo ule ukuta wanaouita wa upweke na ukimya ni alama za viganja vya parokia nzima.

Adams huyohuyo ana picha nyingine, na kwangu hiyo ndiyo picha ya jangwa iliyo kubwa kuliko zote. Jioni moja alikuwa anarudi Santa Fe na gari, yeye, mwanawe na rafiki, siku imekwenda vibaya, hajapata kitu. Akapita kijiji kinaitwa Hernandez. Upande mmoja mwezi unapanda juu ya milima yenye theluji, upande wa pili jua linazama, na miale ya mwisho imegusa misalaba ya makaburi kando ya kanisa dogo. Akafunga breki. Kamera yake ni ya sahani kubwa, ya kufungwa kwenye miguu mitatu, haina haraka. Kipima mwanga hakionekani. Wanapekua gari, wapi! Akakumbuka kiasi cha mwanga wa mwezi, akapiga hesabu kichwani, akapiga picha moja. Akageuza kishikio cha sahani apige ya pili ya akiba, jua likaiacha misalaba. Kwisha.

Miaka mingi hakukumbuka ilikuwa lini, akawa anaandika mwaka huu mara mwaka ule. Ikabidi wanaastronomia wapime mwezi ulivyokaa angani ndani ya picha, wakatoa tarehe: 1 Novemba 1941, saa kumi na dakika 49 alasiri.

Wakatoliki mmeshaniwahi. 1 Novemba ni Sherehe ya Watakatifu Wote, na kesho yake tunawaombea marehemu. Adams hakuwa anatafuta sikukuu, alikuwa anatafuta mwanga. Kijiji kile cha Kikatoliki kilikuwa kimelaza wafu wake pale kwenye ukame, kimewasimamishia misalaba myeupe, na misalaba ile ndiyo iliyomfanya afunge breki. Iondoe kwenye picha ubaki na mwezi na milima: utakuwa na kalenda nyingine.

Yupo pia mtu aliyekwenda jangwani kuutafuta huo utupu kwa moyo wake wote. Charles de Foucauld, Mfaransa, mwanajeshi aliyekula ujana mpaka ukamchosha. Mwaka 1883 aliingia Moroko kwa siri, amejifanya Myahudi, anapima njia na kuandika kwa kificho kwenye vijikaratasi vidogo kiganjani. Macho ya mpimaji kabisa. Mwaka 1886 aliungama huko Paris na maisha yake yakapinduka: akawa mtawa, akapewa upadre 1901, na mwaka 1905 akafika Tamanrasset, kusini mwa Algeria, kwa watu wa Sahara wanaoitwa Watuareg.

Na hapa tuna undugu naye kidogo. Mkuu wa Kanisa aliyempokea kule Sahara alikuwa wa Mapadre Weupe, shirika lililoanzishwa Algiers mwaka 1868, hawahawa waliofika Ujiji mwaka 1879. Zile kanzu nyeupe ambazo wazee wa Tabora na Karema wanazikumbuka, na rozari shingoni, ni vazi la Algeria. Tulipata imani kutoka kwa watu waliovaa jangwa.

Foucauld alitaka upweke, akaupata mpaka ukamzidi. Sheria ya wakati ule haikumruhusu padri kuadhimisha Misa bila mtu wa kumtumikia, na yeye hakuwa na Mkristo hata mmoja wa kuitikia. Krismasi ya mwaka 1907 ikapita bila Misa. Fikiria, padri huyo, usiku huo. Januari 1908 akaanguka, mgonjwa, hawezi kusimama. Ulikuwa wakati wa ukame mkali. Watuareg, Waislamu, wakazunguka kutafuta mbuzi wachache waliobaki na maziwa, wakamnywesha. Hapo ndipo alipoanza kupokea, alikuwa amezoea kutoa. Ruhusa ya kuadhimisha peke yake ilimfikia mwisho wa mwezi uleule.

Baadaye alijenga kibanda cha mawe huko Assekrem, juu ya mita 2,700, mandhari ambayo wapiga picha wanaisafiria leo kutoka kila pembe. Alikuwa anafanya nini kwenye mandhari hayo? Anaandika kamusi. Amekaa chini na mwenyeji anauliza neno la hiki, neno la kile, shairi hili linasemaje. Kamusi ilichapwa baada ya kifo chake, mabuku manne. Mapungufu anayo, alikuwa rafiki wa maofisa wa jeshi la Ufaransa na aliamini utawala wao, hilo tusilifute kama nilivyofuta kwato. Aliuawa 1 Desemba 1916, akatangazwa mtakatifu 15 Mei 2022. Ila mimi nikimfikiria naona ile kamusi. Mtu kaenda kwenye utupu, karudi na maneno maelfu ya majirani.

Sasa tuingie kanisani, maana muda umekwisha na Baba anaangalia saa.

Mnapopiga Misa nanyi mna jangwa lenu. Mnataka altare peke yake, padri ameinua hostia, mwanga wa dirisha, ubani, hakuna kichwa cha mtu. Naijua tamaa hiyo. Mwaka juzi, katika Komunyo moja, nilisogea mbele ya benchi la kwanza, nikapiga goti, nikapata picha safi kabisa ya mageuzo, padri anapogeuza mkate na divai. Bibi mmoja nyuma yangu akanigusa bega. Hakugomba. Alisema, "Mwanangu, umenifichia Yesu."

Toka siku ile kengele ya mageuzo ikilia kamera yangu inashuka. Kabla ya hapo pigeni, baada ya hapo pigeni, flashi zimeni Misa nzima. Na pigeni mkiwa nyuma ya watu. Vichwa vikiingia kwenye picha, viingie. Vilemba vya kina mama, kipara cha mzee, mtoto amegeuka anawaangalia nyie badala ya altare.

Swali? Ndiyo, wewe wa nyuma.

Anauliza kama kufuta nyayo kwenye picha ni dhambi. Mdogo wangu, kitubio kiko kule kwa Baba, mimi nafundisha kamera. Lakini nikujibu. Adams naye alichezea picha yake ya Hernandez. Kila alivyoichapa miaka ilivyokwenda alizidi kuitia anga giza. Anga la jioni ile halikuwa jeusi vile. Ila misalaba aliiacha yote, hakung'oa hata mmoja.

Mwingine? Ile ya kina mama na punda? Ipo. Nilikuwa nimeipiga moja ya kupima mwanga, imeungua kidogo upande wa kulia, punda kageuza kichwa, mama mmoja amenikazia macho kwa haki kabisa. Niliichapa nikaituma misheni kwa basi. Katekista akanipigia siku hiyohiyo, akanitajia majina yao wote wawili, na la punda.

Haya. Kesho Misa ya kwanza saa kumi na mbili. Wapiga picha tukutane saa kumi na moja na nusu, betri zimejaa, nje, upande wa mlangoni.