Jinsi ya kumchora sungura wa Dürer alafu umpeleke msituni kama Hans Hoffmann

Mambo vipi wadau, leo tunachora sungura, ila huyu sio wa hivi hivi. Mchoraji Albrecht Dürer wa Nuremberg, Ujerumani, alimchora mwaka 1502 kwa rangi ya maji, kikaratasi tu cha kama sentimita 25 kwa 23, kipo makumbusho ya Albertina kule Vienna. Miaka 80 na kitu baadae akaja Hans Hoffmann, nae wa Nuremberg, ndo aliyekua mchoraji wa kasri la Kaisari Rudolf wa Pili kule Prague, akamchukua sungura yule yule akampeleka msituni.

Haya shika penseli, usikandamize. Mwili kama yai lililolazwa, kichwa, masikio. Alafu paka kahawia nyepesi mwili mzima na USUBIRI IKAUKE, mie kuna siku nilikosa subira nikaanza manyoya karatasi bado mbichi, rangi zikaingiliana sungura akawa kama taulo lililoloa.

Sasa manyoya, hapa tulia kabisa. Brashi nyembamba, unywele mmoja mmoja, za giza kwanza nyeupe mwisho, na kila sehemu ina uelekeo wake, za mgongoni zinalala kwenda nyuma, za kifuani zinapishana. Ukizilaza zote upande mmoja umeshamuua.

Jicho je? Sogea karibu na jicho la Dürer utaona kama fremu ya dirisha inang'aa ndani, yani dirisha zima kwenye kitu kidogo kama punje, naipenda sana hii. Ila wako anaenda porini, mwekee mwanga wa anga tu.

Wa Dürer amekaa kwenye karatasi tupu, ana kivuli chake basi. Hoffmann alitumia rangi ya mafuta kwenye ubao, kama sentimita 62 kwa 78, upo makumbusho ya Getty kule Los Angeles, akamzungushia mimea na wadudu ambao porini huwakuti wote pamoja, na kikubwa zaidi akampa jani la kula. Kumbe kunakili sio dhambi jamani, mpe mnyama maisha mengine awe wako.

Kwahiyo toka nje uchume jani la kweli, lolote la hapo kwenu, uliweke mezani ulichore na mishipa yake yote, rangi ya jani ikikauka, paka rangi ya nyuma ya picha juu ya ukingo wa jani pale sungura alipong'ata, kidogo kidogo, mpaka alama za meno zionekane.