Vuli ya huku haina mvua

Wazee wetu, shikamooni. Wengine wote, habari za mchana.

Waliokulia Tanga au Mombasa wakisikia vuli wanawaza mvua. Huku Marekani neno hilohilo ni majani makavu, upepo wa baridi na madirisha yaliyofungwa, huku moto tumeuingiza ndani. Tarehe 8 Oktoba 1871, baada ya miezi mingi ya ukame, Chicago iliungua: watu wapatao 300 walikufa, na takriban 100,000 wakakosa pa kulala. Usiku uleule Peshtigo, kule Wisconsin, nako kuliteketea, na huko waliokufa walizidi 1,000. Ndiyo sababu wiki ya kujikinga na moto huwekwa Oktoba.

Leo nataka tukae zaidi kwenye kile kidude cheupe cha darini, king'ora cha moshi. Majuzi niliingia kwa mama mmoja wa kwetu. Samaki wako kwenye kikaango, mafuta yanarukaruka, na pale juu ya mlango king'ora kimevishwa mfuko wa plastiki, kimekazwa kwa kibanio cha nywele. Nikamuuliza kulikoni. "Kaka, kila nikikaanga kinalia, majirani wanagonga ukuta."

Namwelewa kabisa; mapishi yetu yana moshi. Lakini wanawe wanne wanalala chumba cha mwisho, na moshi haumwamshi aliyelala, unamzidishia usingizi. Kikilia bure, fungua dirisha, kipepee kwa taulo. Vingi vina kitufe cha kukinyamazisha kwa dakika chache, kisha vinarudi kazini vyenyewe. Kijaribu kila mwezi. Kigeuze usome tarehe nyuma: kikitimiza miaka 10, kibadilishwe.

Hita iwe mbali na pazia, kitanda na nguo, angalau mita moja, na ichomekwe moja kwa moja ukutani. Hita nyingi zinakula wati 1,500. Ekstensheni nyembamba inachemka kimyakimya chini ya zulia.

Na mkaa, ndugu zangu, nawasihi. Kwetu tunasubiri moshi uishe ndipo tuingize jiko ndani, tukidhani sasa ni salama. Mkaa mwekundu usio na moshi bado unatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi. Kule nyumba zilikuwa na matundu. Hizi zimezibwa kila upenyo ili joto lisitoke. Hata umeme ukikatika, jiko la mkaa libaki nje.

Sikukuu ya Shukrani inakuja, siku yenye mioto mingi ya jikoni kuliko siku yoyote ya mwaka nchini hapa. Bata mzinga mwenye barafu asitumbukizwe kwenye mafuta ya moto: barafu inageuka mvuke ghafla na mafuta yanafurika hadi kwenye moto. Mafuta yakiwaka kikaangoni, funika kwa mfuniko, zima jiko. Maji usimwage kamwe. Moto ukikushinda, toka na watoto, piga 911 ukiwa nje.

Yule mama tuliutoa ule mfuko pamoja. Nikabonyeza kitufe, watoto wakaja mbio. Nikawauliza, mkisikia hivi usiku mtakwenda wapi? Mdogo wao akanishika mkono, akanipeleka chumbani, akanionyesha chini ya kitanda.

Tukatoka nao nje hadi kwenye nguzo ya taa, tukarudi ndani, tukabonyeza tena. Mara tatu.