Aino: binti aliyemkataa mzee, Wafini wakampenda

Mambo vipi wapendwa, karibuni tena. Leo nina jina moja tu: Aino. Huku Finland analo bibi wa miaka tisini, analo na katoto ka chekechea. Sisi Waswahili wala halitupi shida, ila mkazo uweke mwanzoni, AIno.

Ukilisikia utadhani ni la tangu enzi za mababu. Wapi! Ni la juzijuzi, karne ya 19. Daktari mmoja, Elias Lönnrot, alizunguka vijijini akiandika nyimbo za wazee, akaziunga zikawa utenzi mkubwa, Kalevala. Ulitoka 1835, na toleo refu zaidi 1849. Kwenye nyimbo hizo "aino" ilikuwa sifa tu: binti wa pekee, dada wa pekee. Lönnrot ndiye aliyeigeuza kuwa jina la mtu.

Sasa kisa chenyewe. Kijana Joukahainen, mdomo mrefu, anamchokoza mzee Väinämöinen washindane kuimba. Mzee anaimba nyimbo za uganga mpaka kijana anadidimia kwenye matope, kwapa hizo zinazama. Ili aokoke, anamtoa dada yake: "Chukua Aino, muoe." Na mama anafurahi! Kapata mkwe maarufu. Binti analia siku nzima, hakuna wa kumsikiliza. Mwisho anakwenda ufukweni, anaingia majini, harudi. Baadaye mzee anavua samaki wa ajabu, anataka kumpasua kwa kisu, samaki anachoropoka na kumcheka: ni mimi Aino, hata kunishika umeshindwa. Mama naye analia mpaka machozi yake yanakuwa mito, akiwaasa kina mama wenzake wasiwalazimishe mabinti kuolewa.

Mkifika Helsinki, ingieni Ateneum, jumba la makumbusho ya sanaa, mwone mchoro wa Akseli Gallen-Kallela wa 1891. Una sehemu tatu. Ile ya katikati, Aino anamponyoka mzee pembeni ya mtumbwi, ndevu nyeupe zinapepea. Mimi huwa namwangalia mzee usoni, kachanganyikiwa kabisa.

Mtaniuliza, nani ampe mwanawe jina la msichana aliyezama? Mjue Finland ilikuwa chini ya Urusi tangu 1809 mpaka 1917, na wasomi wengi walizungumza Kiswidi, lugha ya watawala waliowatangulia Warusi. Familia zilizojivunia Ufini wao zilitaka majina ya kwao, na Kalevala ikawa ghala. Aino Järnefelt alizaliwa 1871 katika familia ya namna hiyo, akaolewa na mtunzi wa muziki Jean Sibelius. Nyumba yao kule Järvenpää waliiita Ainola, kwa Aino. Sibelius alitaka kimya cha kutungia, basi mabomba ya maji hayakuingizwa ndani mpaka alipofariki 1957. Jina la nyumba la mama, na ndoo za mama pia!

Huku majina yana siku zake kwenye kalenda, na mwenye jina hupongezwa; siku ya Aino ni tarehe 10 Mei. Mkiwa na Aino kazini, siku hiyo mpongezeni, na kahawa msiikatae.