Tutengeneze kadi ya sikukuu kama ile ya mwaka 1843

Haya wapendwa karibuni tena, leo tunatengeneza kadi ya sikukuu, ila sio hizi za kukunja mlizozoea, tunafuata ile ya kwanza kabisa ya Krismasi kupigwa chapa na kuuzwa, London mwaka 1843. Sogeza manila nyeupe, rula, pensili, kalamu nyeusi ambayo wino wake hauchuji ukilowa, rangi za maji na brashi nyembamba.

Kata manila sentimita 13 kwa 8, ilaze. Ndio, ndogo hivyo hivyo na haikunjwi. Mwenye wazo alikuwa Henry Cole, mtu wa mambo mengi, barua za salamu zimemjaa mezani na enzi zile ukiandikiwa usipojibu unaonekana huna adabu, sasa atakesha akijibu mpaka lini, akamwendea rafiki yake mchoraji John Callcott Horsley, nichoree kitu kimoja nikitume kwa wote. Kwa hiyo usijione mvivu, kadi yenyewe imetokana na mtu aliyechoka kuandika barua.

Sasa piga mistari miwili ya kusimama upate sehemu tatu, sentimita 3, kisha 7, kisha 3. Pembeni Horsley aliweka watu wanaolisha maskini na kuwavisha, katikati familia nzima wameinua glasi za divai, na humo kuna mtoto mdogo naye ananyweshwa! Wapinga pombe walichachamaa kweli kweli. We chora unachopenda ila glasi ya mtoto iangalie hiyo.

Chora mistari tu, usijaze kitu, pitisha wino, subiri ukauke halafu toa kopi kwenye manila nyingine kwa idadi ya watu wako. Hapa ndo kwenye utamu, maana Cole naye alifanya hivyo hivyo, mistari ilipigwa chapa kwa jiwe, nakala kama 1,000, halafu kila moja ikapakwa rangi kwa mkono, moja moja! Akauza shilingi 1, na barua ya kawaida ilikuwa inatumwa kwa peni 1, shilingi ni peni 12, hebu piga hesabu, kadi moja bei ya kutuma barua 12. Haikuwa ya kila mtu hiyo.

Anza na rangi nyepesi, zikikauka ndo uje na nzito. Ikivuka mstari iache tu.

Chini ya picha ya katikati andika Krismasi njema na heri ya mwaka mpya, juu jina la unayemtumia, chini lako. Ya Cole ilikuwa na hizo nafasi mbili pia.

Kutuma sasa. Uingereza kabla ya 1840 mara nyingi aliyepokea barua ndo alilipa, tena kwa umbali, ikaja posta ya peni 1 ambayo Cole mwenyewe aliipigania, na 1870 ikashuka mpaka nusu peni kwa kadi za posta, hapo salamu zikamwagika, mpaka kadi za ndege aliyekufa watu walikuwa wanatumiana Krismasi, msiniulize kwa nini.

Angalizo moja, bahasha ndogo kuliko sentimita 14 kwa 9 posta nyingi hawaipokei, kwa hiyo usikate bahasha ya kubana kadi, iache ipwaye kidogo.